Jana alikuwa anaongea vizuri tu

Kama umewahi kukaa kwenye msiba wa mtu aliyeungua moto basi hii sentensi umeshaisikia. Huwa anaisema mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango, "mbona juzi nimemkuta anaongea vizuri tu, kanitania na mie, na uji kanywa wote." Alafu kunakuwa kimya, na kwenye hicho kimya ndo yanaingia maneno mengine yote, kwamba kuna mtu kapita usiku, kwamba nesi kamchoma sindano isiyoeleweka, kwamba kuna ndugu hakutaka apone.

Mwaka 2019 tuliisikia nchi nzima. Tarehe 10 Agosti lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Siku ile ya kwanza tulikuwa tunahesabu marehemu karibu 60. Majeruhi wengi wakakimbizwa Muhimbili, na sisi tuliobaki na redio tukawa tunasikia idadi inapanda, wiki inaisha inapanda, nyingine inaanza inapanda, mpaka ikavuka 100. Wale wa mwishoni moto wao ulishazimwa zamani, jivu lilishapoa. Wenzetu Kenya walishaipitia hiyohiyo kule Sachangwan karibu na Molo, Januari 2009, lori, mafuta, ndoo, na waliokufa wakazidi 110. Mwenyewe niliona Msamvu kwenye simu kama wengine, nikasikitika, nikaenda kufundisha.

Nafundisha baiolojia sekondari. Hili nalitaja kwa aibu kidogo maana kwa miaka mingi nimesimama mbele ya watoto nikawaambia chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, andikeni, na kwenye mtihani anayeandika "askari" nampa tiki. Sikuwahi kujiuliza askari akipotea njia inakuwaje.

Alafu akaungua mdogo wangu.

Umeme ulikatika, yeye ana saluni ndogo ya kiume, jenereta likazimika mafuta katikati ya kichwa cha mteja, akachukua kidumu akaanza kumimina petroli huku jenereta bado la moto. Kifua chote, tumbo, mikono yote miwili. Nilipofika jirani mmoja alishakuja na manyoya ya sungura, mwingine kashika mayai mawili, na kuna kaka mmoja simjui mpaka leo alikuwa na dawa ya meno mkononi anauliza apake wapi. Nikapiga kelele, maji, leteni maji tu, tukammwagia maji ya bomba hayo ya kawaida karibu dakika 20 alafu tukampakia kwenye bajaji. Ndo kitu pekee nilichofanya sawasawa siku ile.

Hospitali tuliyokwenda siitaji, kuna waliotutendea vizuri sana na kuna ambao hawakutaka hata kuitikia salamu, ni hospitali kama zilivyo hospitali. Dokta alimkagua akasema kama asilimia 35. Wana hesabu yao ya tisa tisa, kila mkono ni 9, mbele ya kiwiliwili ni 18, ukijumlisha unapata 36, na vipande vidogo wanavipima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni kama asilimia 1. Alafu zikaanza dripu. Mama alidhani wanamzamisha mtoto. Mdogo wangu ana kilo 60, na kanuni wanayotumia, ile ilitoka hospitali ya Parkland huko Dallas miaka ya 60, inasema mililita 4 mara kilo mara asilimia iliyoungua, kwahiyo 4 mara 60 mara 35 unapata lita 8 na pointi 4 kwa siku moja, tena nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza zikihesabiwa toka dakika aliyoungua, siyo toka dakika mliyofika. Sababu ni kwamba mtu akiungua zaidi ya kama asilimia 20 siyo kidonda tena, ni mwili mzima, mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja kila mahali hata sehemu ambazo moto haukugusa. Siku ya pili uso wake ulivimba mpaka macho yakafunga, na uso haukuungua! Siku ya tatu uvimbe ukaanza kushuka, ya nne akawa anaongea, akaniuliza yule mteja alimaliziwa kunyolewa na nani.

Tukajua tumeshapita.

Siku ya tano wakaleta majibu ya damu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu wanachoita FBP. Mimi mwalimu wa baiolojia nikaichukua ile karatasi kwa mbwembwe nikawasomea ndugu pale kwenye benchi. Chembe nyeupe 21, na kawaida ni 4 mpaka 11, yaani elfu 21 kwenye kitone kidogo kabisa cha damu. Nikawaambia jamani askari wameongezeka mara mbili, mwili unapigana huo! Mama akasema alhamdulillah, baba mdogo akatoa simu akaanza kupiga nyumbani. Daktari mmoja kijana, nadhani alikuwa bado intern, alikuwa anapita akanisikia, akasimama, akaniambia taratibu, "dada, hiyo namba kwa mtu aliyeungua usiifurahie na wala usiiogope, haituambii kitu." Nilimkasirikia. Nikamwona ana nyodo.

Usiku ule nikakaa kwenye korido na simu nikaanza kusoma, na nilichosoma miezi iliyofuata ndo nakiandika hapa, maana nadhani ndo jibu la yule mama wa kwenye mkeka.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1882 Mrusi mmoja anaitwa Metchnikoff alikuwa Messina, Italia, akachukua kiluwiluwi cha kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kile kinapitisha mwanga unaona mpaka ndani, akakichoma mwiba. Asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka ule mwiba. Kwa hilo na yaliyofuata alipewa Nobel 1908. Darasani huwa naisimulia hiyo hadithi nikisisitiza kwamba chembe zinakula adui, na kweli zinakula, ila kilichomshtua yeye kwanza ni kwamba zilifika. Hakuna aliyezishika mkono. Chembe inanusa harufu ya kemikali kwenye jeraha, inatoka kwenye damu, inapenya, inatambaa, inafika. Wengi kwenye hilo jeshi wanaitwa nyutrofili, uboho wa mfupa unawazalisha mabilioni kwa mabilioni kila siku maana hawaishi muda mrefu, na kazi yao nzima inaanza na kufika. Asiyefika hata awe na silaha gani ni sawa na hayupo.

Sasa Boston, Marekani, kwenye hospitali ya Massachusetts General, kuna watafiti walitengeneza kichipu chenye vichochoro vyembamba kuliko unywele, mwisho wa kichochoro wanaweka kemikali inayowavutia nyutrofili, alafu wanaweka damu upande wa pili na kuangalia kwa hadubini. Nyutrofili wa mtu mzima wa afya anakwenda kama milimita moja kwa saa, kwa kitu cha ukubwa ule hiyo ni mbio, na anakwenda moja kwa moja kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa chenji ni yako. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa walioungua, mwendo ulikuwa umeshuka karibu nusu, kadri moto ulivyokuwa mkubwa ndo walivyozidi kuwa wazito, na walikuwa wazito kabisa kati ya siku ya 3 na ya 5. Soma tena hapo. Siku ya tatu mpaka ya tano ndo siku ambazo mgonjwa uvimbe unashuka, anaongea, anatania, ndugu wanapiga simu nyumbani kusema amevuka.

Na siyo mwendo tu. Wakiwekewa njia panda wanasimama, wanageuka, wanarudi walikotoka, yaani kama mgeni aliyeshushwa Manzese usiku akaambiwa nyumba ni ile yenye geti jeusi. Baadaye, 2014, watu walewale wakaona kwamba damu ya aliyeungua ambaye sepsisi inamnyemelea, yaani maambukizi yanayovuruga mwili mzima, nyutrofili wake wanaanza kutembea ovyo hata bila kuwekewa kitu cha kuwavutia. Wanazurura. Mwaka 2018 wakaonyesha unaweza kuchukua tone moja la damu ukaitambua sepsisi kwa kuangalia tu huo uzururaji. Hicho chipu wodini kwetu sikukiona na sitegemei kukiona leo wala kesho.

Kwanini wanapotea? Hapa sababu ziko nyingi zimesukana, nitachukua zile nilizozielewa vizuri. Ngozi na nyama ikiungua, chembe zinapasuka na kumwaga vitu vyake kwenye damu, ikiwemo vipande vya mitokondria. Wanafunzi wangu wanajua mitokondria ni jiko la chembe, lakini asili yake ya zamani sana ni bakteria, na vipande vyake kwenye damu vinanukia kama bakteria. Kwahiyo nyutrofili anasikia king'ora kinalia toka kila kona ya mji kwa wakati mmoja. Wa kwanza wanakimbilia kila mahali, wengine wanajazana kwenye mapafu na kuyaharibu mapafu ambayo hayana kosa lolote, na waliobaki wanazoea kelele mpaka vipokezi vyao vinakuwa kama vimezibwa pamba, ikija harufu ya bakteria wa kweli hawashtuki.

Uboho nao unaona askari wanapungua huko nje, unaanza kutoa wale ambao hawajakomaa. Ni kama kuwatoa vijana JKT wiki ya pili ukawapeleka mstari wa mbele, kombati wanazo, kulenga bado. Kikundi cha Birmingham, Uingereza, 2017 waliwapima watu walioungua wakakuta hao wachanga wamejaa kwenye damu, uwezo wa kumeza na kuua bakteria umeshuka, na hali hiyo ilianza mapema sana na ilikuwa mbaya zaidi kwa wale ambao baadaye walipata sepsisi. Ndo ujue sasa ile 21 yangu niliyowasomea ndugu kwenye benchi ilikuwa inahesabu nini. Mashine ya kuhesabu inahesabu vichwa, haijui nani kakomaa na nani kashikilia bunduki kinyume.

Kuna na wengine. Monosaiti, hawa nawafananisha na balozi wa nyumba kumi, kazi yake akiona mgeni asiyeeleweka anachukua kipande cha taarifa zake anakwenda kukionyesha kwa wakubwa, yaani kwa limfosaiti, ili wapange mashambulizi yanayolenga. Baada ya moto mkubwa ule ubao wa kuonyeshea unapungua kwenye ngozi ya monosaiti, balozi anaona ila haripoti. Limfosaiti wenyewe wanapungua, wanaobaki wanageuzwa kuelekea upande wa kutuliza badala ya kushambulia. Alafu homoni, kotisoli na adrenalini zinakaa juu kwa wiki na wiki, moyo unapiga kama mtu anapanda ngazi wakati amelala, mwili unachoma chakula mpaka unakaribia mara mbili ya kawaida na kikikosekana unakula misuli yake mwenyewe. Manesi walikuwa wakali sana kwenye mayai na maziwa, mimi nilidhani ni ukali tu wa manesi.

Nikiwa bado naamini namba, niliuliza pia kama naweza kumpa ngozi yangu. Yule daktari kijana (tulishapatana) akacheka siyo kwa dharau, akasema mwili wake utaikataa dada, ila cha ajabu, mtu aliyeungua sana anachelewa kuikataa, kwasababu hao wa kuikataa wamelewa. Nikaenda kusoma nikakuta watafiti wawili, Medawar na Gibson, Glasgow, Uskoti, 1943 wakati wa vita, walimpandikizia mama mmoja aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake, vya kwanza vikakaa muda alafu vikakataliwa, vya mara ya pili vikakataliwa haraka zaidi, na hapo dunia ikaanza kuelewa kwamba kukataa kiungo ni kazi ya kinga. Sayansi yote ya kubadilisha figo kwa sehemu kubwa inaanzia kwenye ngozi ya mtu aliyeungua. Hili nitalifundisha mpaka nistaafu, hata kama halimo kwenye silabasi.

Siku ya saba asubuhi mama alienda na chupa ya uji wa ulezi kama kawaida. Akarudi nayo imejaa. Hakusema ana homa, homa alikuwa nayo kila siku, hakusema ana maumivu, alisema "leo hataki uji, na tumbo limejaa." Kwenye karatasi chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka toka 21 mpaka 9, yaani kawaida kabisa! Mimi wa wiki iliyopita ningeshangilia. Sista wa zamu, mama mtu mzima, aliposikia habari ya uji hakuangalia hata karatasi, alienda kumwita dokta akiwa anatembea ule mwendo wa manesi ambao siyo kukimbia ila wewe ukitaka kumfuata inabidi ukimbie.

Baadaye ndo nikajua. Mwaka 2007 madaktari wa majeraha ya moto Marekani walikaa wakapanga dalili za kutambua sepsisi kwa mtu aliyeungua, maana dalili za kawaida haziwasaidii, kila aliyeungua ana joto na moyo unakimbia na chembe nyeupe ziko juu hata kama hana bakteria hata mmoja. Kwenye orodha waliyotoka nayo hesabu ya chembe nyeupe haimo. Wakaweka joto kupita kiasi au kushuka sana, moyo na pumzi kuzidi kwenda kasi, chembe sahani za damu, zile za kugandisha damu, kuporomoka, sukari kupanda kwa asiyekuwa na kisukari, na mgonjwa kushindwa kuendelea kulishwa. Uji wa mama ulikuwa kipimo kuliko FBP yangu.

Bandeji zilipofunguliwa kulikuwa na ukijani kwenye mkono wa kushoto na ile harufu tamutamu ambayo ukishainusa mara moja hutaisahau. Pseudomonas. Huyu ni bakteria anayeishi kwenye masinki na ndoo na sehemu yoyote yenye unyevu, kwako wewe na mimi hana habari, ila akimkuta mtu hana ngozi na walinzi wake wanazurura vichochoroni anafanya makazi. Na ile ngozi iliyokufa iliyobaki juu ya kidonda haina mishipa ya damu, kwahiyo hata askari wangekuwa wazima barabara imekatika, na dawa ya kwenye mshipa inapita njia hiyohiyo nayo haifiki. Ndo maana inabidi ikatwe, mapema kadri inavyowezekana. Mwanamke mmoja daktari, Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia ya sasa, ndo aliyeionyesha dunia mwaka 1970 kwamba usingoje ngozi iliyokufa ijiachie yenyewe, kata tabaka kwa tabaka mpaka uone damu, pandikiza. Mdogo wangu alipelekwa theatre mchana uleule, akabadilishiwa antibayotiki, na wiki iliyofuata ngozi ya paja lake ikahamia mkononi.

Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana wa miaka 19 hivi, alilipukiwa na mtungi wa gesi, asilimia zake zilikuwa nyingi kuliko za mdogo wangu. Alikuwa mchekeshaji wa wodi, alikuwa anamwita mama yangu "bi mkubwa" na kumdai mandazi. Alifariki siku yake ya tisa. Jioni iliyotangulia alikuwa anaongea. Tulienda kuzika, na kweli, karibu na mlango, kuna mama akaisema ile sentensi, na baba mdogo ambaye alinisindikiza akaniangalia kama vile mimi msomi nina la kusema, na kimya kikaja. Nilikuwa na nyutrofili na vichochoro na balozi wa nyumba kumi vyote kichwani, nikashindwa hata kufungua mdomo. Baba mdogo mwenyewe njiani kurudi akasema "wamemwahi yule." Nikamwambia baba, waliomwahi ni bakteria, walinzi wake walikuwa wengi ila hawafiki. Akanyamaza mpaka tunashuka kwenye daladala, alafu akauliza, "kwahiyo na wa kwetu nao walikuwa hawafiki?" Nikamwambia ndiyo baba, na hata sasa bado wengine hawafiki vizuri, inachukua wiki nyingi. Toka siku hiyo yeye ndo alikuwa anasimama mlangoni kuwafukuza wageni wenye mafua, na kumuuliza kila anayeingia kama amenawa, mpaka manesi wakampa jina.

Kuna kitu kimoja nimekisoma kikanipa moyo kidogo ila msinikimbilie na vidonge vya mafuta ya samaki. Mwaka 2013 walewale wa Boston waliwapa panya walioungua kemikali inaitwa resolvini D2, mwili wenyewe huwa unaitengeneza kutoka kwenye mafuta ya omega 3, na nyutrofili wa wale panya wakaanza kushika njia tena, na walipoletewa maambukizi wengi zaidi wakapona. Ni panya. Nawaza tu kwamba kumbe tatizo siyo lazima uongeze askari, unaweza ukawarudishia ramani.

Mdogo wangu amerudi saluni. Anavaa mikono mirefu hata Februari na joto la Dar mnalijua, kovu la kiwiko limevuta kidogo kwahiyo mashine ya kunyolea anaishika kwa staili yake mwenyewe, na wateja wanasema anachonga kuliko zamani. Jenereta aliliuza. Mama bado anampikia uji wa ulezi kila Jumapili anampelekea na ile chupa ileile, na kila Jumapili, kabla hajakaa, anaifungua kifuniko na kuangalia wa Jumapili iliyopita kama uliisha.